Bungeni, studioni au kwa mwandishi: bando la mpenda siasa wa Kigoma liende wapi?

Mpwa wangu anasoma sayansi ya siasa Chuo Kikuu Huria, na mchana anauza chaja na vioo vya simu pale Mwanga. Jumapili iliyopita alikuja kwangu Ujiji, akasalimia, akanywa chai, na alipokuwa anavaa viatu ndipo akatoa kilichomleta: "Mjomba, bando langu la wiki ni GB tatu. Nikifuata kila kitu, Jumatano limekwisha. Nataka kujua siasa, nataka kujua na vitabu. Nitazame nini, niache nini?"

Nikamjibu mawili matatu, akapanda bodaboda akaenda zake. Nimebaki namjibu peke yangu, kama mzee anayebishana na redio. Bora niandike, na wengine wenye bando la wiki wafaidi.

Mezani nimeweka vitu vitatu. Cha kwanza ni Bunge letu la Dodoma, ulione TBC au YouTube. Cha pili ni vipindi vya mijadala na mahojiano vya televisheni zetu: Dakika 45, Kipima Joto na Malumbano ya Hoja vya ITV, Tuongee Asubuhi cha Star TV, Jambo Tanzania cha TBC1. Cha tatu ni C-SPAN ya Marekani, televisheni inayoonyesha vikao vya bunge lao siku za kazi, na mwisho wa wiki chaneli yake ya pili inageuka maktaba. Hapo ndipo ilipo Book TV, saa nyingi za waandishi wa vitabu visivyo vya kubuni: historia, maisha ya watu, uchumi, vita, siasa. Bunge la Uingereza nitaligusa nikiwa napita. Dira ya Dunia ya BBC na idhaa ya DW nimeziacha nje kwa makusudi, maana hizo ni habari, na habari hata usipozitafuta kijiwe cha kahawa kitakuletea, tena na chumvi juu yake.

Kipimo changu ni kimoja: mkasi uko mkononi mwa nani? Kila picha unayoiona kwenye televisheni imepita kwa fundi. Kuna aliyeamua kamera igeuke wapi, mzungumzaji akatwe wapi, na kipande gani kitupwe sakafuni. Ukimjua mwenye mkasi, umeshajua nusu ya unachokitazama.

Dodoma

Anayetaka kuijua siasa ya Tanzania hana pa kulikwepea Bunge. Ila Bunge lina saa tamu na saa za kusinzia, na mwenye bando dogo lazima azitofautishe. Msimu wenyewe ni mkutano wa bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni. Saa tatu asubuhi huanza maswali ya kawaida. Mbunge anauliza barabara ya kata yake itajengwa lini, naibu waziri anajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Hapo unaweza kwenda kuchagua mchele. Alhamisi ni siku nyingine kabisa, kwa kuwa kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Ni kama nusu saa tu, na anayejibu hana karatasi aliyoandaliwa na wizara.

Ukinilazimisha nichague kitu kimoja tu cha Dodoma, lakini, nitachagua Kamati ya Matumizi. Mjadala wa wizara ukishafungwa, Bunge zima linakaa kama kamati na kupitisha fedha kifungu kwa kifungu. Kinapofika kifungu cha mshahara wa waziri, wabunge wanasimama mmoja mmoja. Asiyeridhika anasema bila kupepesa: nisipopata maelezo, nitashika shilingi. Maana yake anatoa hoja ya kupunguza shilingi moja kwenye fungu la waziri, na hiyo shilingi moja inaufungua mjadala upya, waziri akitoka jasho na wenzake wakimtetea au wakimwacha. Dakika ishirini za hapo zitakuonyesha nani ana nguvu na nani anaigiza kuliko hotuba kumi za kuunga mkono hoja kwa asilimia mia moja. Muda ukiisha inakuja gilotini, mafungu yaliyobaki yanapita kwa mkupuo, na mwenye shilingi yake anarudi nayo nyumbani.

Sisi wa Kigoma tuna kumbukumbu zetu na matangazo hayo. Agosti 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alisimamishwa Bunge baada ya kupeleka hoja juu ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Februari 2008 iliposomwa ripoti ya kamati ya Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond, na Edward Lowassa akatangaza kung'atuka uwaziri mkuu, watu walijazana kwenye maduka yenye televisheni kama kuna fainali ya Kombe la Dunia. Mwishoni mwa Novemba 2014 ikawa zamu ya kashfa ya akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizochotwa. Aliyewasilisha ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali alikuwa huyo huyo Zitto, sasa akiwa mwenyekiti wa kamati. Umeme wetu siku hizo ulikuwa wa majenereta, na ukikatika katikati ya ripoti, utasikia mtaa mzima umeguna kwa pamoja.

Halafu ukaja mkasi. Januari 27, 2016, waziri mwenye dhamana ya habari, Nape Nnauye, alilieleza Bunge kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Badala yake vikao vingerekodiwa, vikachujwa, vikaonyeshwa usiku. Wapinzani walikataa, kikao kikavurugika, polisi wakaingia ukumbini. Siku hizi vikao unavipata moja kwa moja mtandaoni, lakini somo la 2016 mimi silisahau: dirisha tulilokuwa tunachungulia lilikuwa na mwenye nyumba wake.

Dawa ya mkasi huo ipo na ni ya bure, ila watu wanaipita kama jiwe la njiani. Ni Hansard, Taarifa Rasmi ya Majadiliano, inayowekwa kwenye tovuti ya Bunge. Imeandikwa neno kwa neno, mpaka "(Makofi)" na "(Kicheko)". Faili la siku nzima kwa kawaida ni dogo kuliko dakika chache za video. Mtu akikutumia kipande cha sekunde arobaini cha mbunge akifoka, nenda kwenye Hansard ya siku hiyo utafute alichosema kabla na alichojibiwa baadaye. Mara ngapi nimegundua kwamba aliyeonekana shujaa kwenye simu alikuwa anajibiwa vizuri tu dakika moja mbele!

Washington

C-SPAN ilianza kurusha matangazo Machi 19, 1979. Aliyeongea wa kwanza mbele ya kamera za Baraza la Wawakilishi alikuwa mbunge kijana wa Tennessee, Al Gore, ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais. Mwanzilishi wake, Brian Lamb, ni mtu wa Indiana aliyepitia jeshi la majini. Maseneta waliona haya kidogo, wakafungua mlango kwa kamera mwaka 1986, ndipo ikazaliwa C-SPAN2. Ya tatu ilikuja 2001.

Wengi hapa wanadhani ni TBC ya Wamarekani. Sivyo. Serikali haiilipi hata senti. Inaendeshwa kwa senti chache zinazokatwa kila mwezi kwenye ada ya kila nyumba iliyolipia televisheni ya kebo au setilaiti, na haina matangazo ya biashara. Huo ni uhuru ambao studio zetu hazina: hakuna mdhamini wa sabuni wala bia wa kumkasirisha.

Ila usikimbilie kuwasifia. Kamera za ndani ya ukumbi si za C-SPAN, ni za Baraza lenyewe, na C-SPAN inapewa picha tu. Mei 1984 hilo lilizua kashfa. Kundi la Warepublican, Newt Gingrich akiwa miongoni mwao, lilikuwa likihutubia jioni baada ya shughuli kwisha, likiwashutumu Wademokrati kwa maneno makali kana kwamba wamekaa mbele yake na hawana la kujibu. Spika Tip O'Neill akaamuru kamera izungushwe ukumbi mzima. Watazamaji wakaona viti vitupu. Mtu alikuwa anagombana na samani! Mkasi ulikuwa kwa Spika, na siku hiyo aliutumia kuonyesha, ingawa muda wote ulikuwa umetumika kuficha.

Juni 2016, miezi michache tu baada ya ile Januari yetu ya Dodoma, wabunge wa Democratic walikaa sakafuni kudai sheria ya silaha. Wenye Baraza wakatangaza mapumziko, na kamera rasmi zikazimika. Wabunge wakatoa simu zao, wakarusha wenyewe mtandaoni, nayo C-SPAN ikachukua picha za simu hizo ikazionyesha. Kisha Januari 2023, Baraza jipya lilipokuwa bado halina Spika wala kanuni, kamera za C-SPAN zenyewe ziliachiwa uhuru. Kevin McCarthy, aliyekuwa anautaka uspika, alihitaji duru 15 za kura, na kwa siku hizo chache dunia ikaona nani anamnong'oneza nani, nani amemnyooshea mwenzake kidole, nani anashikwa mkono asimrukie mtu. Alipopatikana Spika, mambo yakarudi palepale: kamera kwenye mimbari, mzungumzaji na meza yake.

Kwa hiyo katika hili Dodoma na Washington ni ndugu. Tofauti ni kwamba kule kuna mtu wa pembeni, asiye wa Bunge wala wa Serikali, ambaye kazi yake ni kuonyesha bila kukatisha. Kama unataka kujua "bila kukatisha" ni nini, Cory Booker wa New Jersey alianza kuongea Seneti usiku wa Machi 31, 2025. Huku kwetu ilikuwa saa nane za usiku wa kuamkia Aprili 1. Nililala, nikaamka, nikaenda Kibirizi kununua migebuka, nikarudi, nikala, nikalala tena, na mtu bado amesimama. Alimaliza baada ya saa 25 na dakika 5, na C-SPAN2 haikukatisha.

Kitu kingine chao ninachokipenda ni Washington Journal, kipindi cha simu cha kila asubuhi tangu 1995. Kwao saa moja asubuhi, kwetu saa nane mchana, au saa tisa wakati wa baridi yao. Laini za simu zimegawanywa: Republican huku, Democrat huku, wasio na chama huku. Mtangazaji anasikiliza mpaka mwisho. Hafoki, hakati, hajitii ujuaji. Mara ya kwanza nilidhani amechoka, baadaye nikaelewa kwamba ndiyo kazi yenyewe.

Udhaifu wake kwa mtu wa Kigoma ni wazi. Saa nyingi ni mambo yao: ruzuku ya mahindi ya Iowa, jina jipya la ofisi ya posta ya Ohio, wito wa akidi unaopigiwa muziki wakati ukumbi mtupu. Ukilitazama Bunge lao kwa bando la vocha, unawalipia wenyewe uchovu wao. Anayetaka kuonja bunge la nje kwa bei nafuu aende London: maswali kwa Waziri Mkuu ni Jumatano mchana wao, saa nane au saa tisa alasiri kwetu kutegemea majira. Kiongozi wa upinzani ana maswali sita, na yote yanakwisha kwa kama nusu saa. Weka Jumatano hiyo kando ya Alhamisi ya Dodoma, uone nani anauliza na nani anapongeza.

Studioni

Hapa sitakaa sana. Vipindi vya watu wanne mezani ni kachumbari. Vinanogesha pilau, lakini hakuna aliyeshiba kachumbari. Muda ni mfupi, matangazo yanaingia, na mkasi uko kwa mtangazaji, ambaye mara nyingi anaitumia dakika ya mwisho kusema muda umetutupa mkono. Malumbano ya Hoja naliheshimu kwa sababu lina ukumbi na watu wa kawaida wanaoinua mikono. Dakika 45 nalo naliheshimu kwa sababu moja tu: mgeni ni mmoja. Mgeni mmoja hawezi kujificha nyuma ya kelele za mwenzake. Kabla hujakitazama kipindi cha aina hii, uliza mgeni ni nani. Kama ni yule anayealikwa kila wiki kila mahali, okoa MB zako.

Kwa waandishi

Sasa tumefika nilipotaka. Siasa mpwa wangu ataipata hata barazani. Kitabu hatakipata barazani.

Tukitaja televisheni na kitabu hapa kwetu, kinachokuja kichwani ni uzinduzi. Novemba 12, 2019, Mzee Benjamin Mkapa alizindua kumbukumbu zake alizoandika kwa Kiingereza, mgeni rasmi akiwa Rais Magufuli. Mei 8, 2021, siku aliyotimiza miaka 96, Mzee Ali Hassan Mwinyi alizindua za kwake kwa Kiswahili, mgeni rasmi akiwa Rais Samia. Zote mbili zilirushwa moja kwa moja, na mimi nilitazama zote mbili kuanzia wimbo wa taifa. Ni shughuli nzuri. Unaona nani amekaa karibu na nani, unasikia utani wa wazee, unapata picha ya kitabu. Lakini uzinduzi ni harusi, na kwenye harusi hakuna anayemuuliza bwana harusi maswali. Itifaki inakula saa nzima, wasifu unasomwa, salamu zinatolewa, na mwandishi mwenyewe anashukuru. Kesho yake magazeti yanachomoa sentensi moja. Kwa Mzee Mkapa ilikuwa majuto yake juu ya mauaji ya Pemba ya Januari 2001. Sentensi hiyo inazunguka mwezi mzima, kisha kitabu kinarudi kabatini. Nani alimkalisha chini Mzee Mkapa, mhariri wa magazeti wa zamani, akamuuliza aliandika saa ngapi, alifuta nini, nani alimwomba asiandike jambo fulani? Hayo ndiyo nilitaka kuyasikia.

Hapa Book TV haina mshindani kati ya hivi nilivyovitaja, na mzizi wake ni kipindi kilichoitangulia, Booknotes. Kuanzia 1989 hadi 2004, kila Jumapili, Brian Lamb alikaa na mwandishi mmoja kwa saa moja juu ya kitabu kimoja. Vilitoka vipindi kama 800. Mwandishi alialikwa mara moja tu maishani, hata awe nani, na orodha yao inao Richard Nixon na Margaret Thatcher. Lamb alikisoma kitabu kabla ya kuketi, jambo ambalo kwa mtangazaji ni nadra kama mvua ya Julai. Akishakisoma, anauliza swali la mtoto: picha hii ya jalada ni ya nani? Kitabu hiki umekiandikia wapi? Uliandika kwa mkono? Huyu uliyemtunukia ni nani yako?

Utadhani ni maswali ya kupoteza muda. Jaribu kuyajibu wewe. Mwandishi aliyejiandaa kutetea nadharia yake anajikuta anasimulia chumba alichoandikia, deni alilokuwa nalo, ugomvi na mchapishaji, na katikati ya simulizi hiyo nadharia inatoka yenyewe ikiwa uchi. Wazee wa Ujiji wanaifahamu mbinu hii. Mgeni akishuka kwenye boti kutoka Kongo hawamuulizi anafuata nini. Wanamuuliza ziwa lilikuwaje jana usiku.

Book TV ilianza Septemba 1998 ikichukua mwisho wa wiki mzima wa C-SPAN2, saa 48. Siku hizi imebaki na Jumapili, Jumamosi wamepewa wanahistoria. Vipindi vyake viwili vinatosha kukuhangaisha mwaka mzima. After Words inamkutanisha mwandishi na mtu anayelijua somo lake: mwandishi wa habari, mbunge au profesa, wakati mwingine asiyekubaliana naye. Mkasi hapo unashikwa na mtaalamu, na mtaalamu anajua pa kuminya. In Depth ni ndefu zaidi, inachukua vitabu vyote vya mwandishi mmoja, na watazamaji wanapiga simu. Ubaya wa After Words ni kwamba wakikutana marafiki wawili, saa nzima inaishia kwenye kusifiana. Ubaya wa In Depth ni urefu. Mimi huisikiliza kwa mafungu matatu, kama dozi.

Kuna jambo moja ambalo lazima mpwa wangu alijue mapema. Vitabu hivyo vingi ni vya Wamarekani kuhusu Wamarekani, na kuvinunua Kigoma ni kazi. Ukijiwekea lengo la kusoma kila kitabu ulichokisikia, utakata tamaa mwezi wa kwanza. Mimi sivisikilizi ili ninunue. Navisikiliza kujifunza namna ya kumuuliza mwandishi maswali, kisha naenda na maswali hayo kwenye vitabu vyetu nilivyonavyo. Nilikisoma upya kitabu cha Mzee Mwinyi kwa mtindo huo, nikimuuliza karatasi: hapa umeruka nini, mzee? Nilikuta mengi.

Bando, saa na lugha

Kwenye ving'amuzi vyetu C-SPAN huikuti. Chaneli ya moja kwa moja kwenye tovuti yao inamtaka mtu awe mteja wa kebo kule Marekani. Vinginevyo pamefunguliwa: maktaba yao ya video, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Purdue mwaka 1987 na kuwekwa mtandaoni bure mwaka 2010, inatafutika kwa jina la mtu au mada. Vipindi vingi vipo YouTube, na mahojiano ya waandishi yanapatikana pia kwa sauti peke yake.

Hiyo sauti peke yake ndiyo siri. Piga hesabu nami. Video ya kilobiti 700 kwa sekunde, ambayo kwenye simu inaonekana bila taabu, inakula takriban MB 315 kwa saa. Sauti ya kilobiti 64 inakula takriban MB 29. GB tatu za mpwa wangu ni saa tisa na nusu hivi za video, au saa mia moja za sauti. Mwandishi akizungumza huhitaji kumwona pua. Mbunge anayeshikilia shilingi unahitaji kuiona sura yake, na zaidi sura ya waziri. Kwa hiyo video iende Dodoma, sauti iende Book TV. Mwenye bando la usiku apakue saa sita, asikilize mchana akiuza chaja.

Lugha ni kikwazo, nisidanganye. Kiingereza cha Brian Lamb ni cha polepole na safi, mtu wa kidato cha nne aliyekaza atakifuata. Wapiga simu wa Washington Journal ni shughuli nyingine, wengine wanameza maneno kama dagaa wa moto. Mahojiano ya Booknotes yaliandikwa pia neno kwa neno, kwa hiyo unaweza kusoma huku kamusi ipo magotini, na MB zinazotumika ni za kuhesabu kwa vidole. Kiswahili cha Bunge nacho kina msamiati wake, asiyejua "mwongozo wa Spika" na "kuhusu utaratibu" zinatofautianaje atapotea ndani ya lugha yake mwenyewe. Kanuni za Kudumu za Bunge zinasomeka. Azisome mara moja tu.

Ningechagua hivi

Mpwa wangu, mwenye GB tatu na mtihani mbele yake: Alhamisi nusu saa ya Waziri Mkuu kwa video, na wakati wa bajeti Kamati ya Matumizi ya wizara moja anayoifuatilia. Moja, asifuate zote. Hansard ya kikao hicho aisome. Mahojiano mawili ya waandishi kwa sauti kila wiki, moja la Booknotes na moja la After Words. Studio zetu pale tu mgeni anapomhusu. Hapo GB mbili hazijaisha, na iliyobaki atazame mpira, yeye ni kijana.

Mwalimu mwenye klabu ya mdahalo shuleni ningempa orodha nyingine. Aanze na Malumbano ya Hoja ili watoto waone ukumbi wa watu wanaofanana nao, kisha awaonyeshe yale maswali sita ya London, mafupi na makali, wahesabu wenyewe maneno ya kila swali. C-SPAN awaachie kwanza.

Mwenye banda umiza anayeniuliza kila siku aweke nini Jumapili asubuhi kabla ya mechi, aweke rekodi ya siku ya kushika shilingi. Nimeliona hilo kwa macho yangu hapa Ujiji: watu walioingia kusubiri mpira walianza kumzomea waziri kana kwamba ni beki aliyejifunga.

Na mtu kama mimi, mstaafu, macho yamechoka na kahawa bado ipo, Book TV kwa sauti inatosha. Simu naiweka kwenye bakuli la bati ili sauti ikue.

Mpwa wangu amerudi juzi. Hakutaka chai. Alikuwa ametafuta Hansard ya Agosti 2007, ile ya Buzwagi, akaisoma yote kwenye simu, na wakati yanasemwa hayo yeye alikuwa bado ananyonya. "Mjomba," akasema, "hapa wameandika '(Kicheko)'. Walikuwa wanacheka nini?"

Nikamwambia akae chini.